Kupanga ni kuchagua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima miradi ya barabara, ardhi na mazingira Zanzibar

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwenye vikao vya shehia, barazani baada ya sala ya alasiri, na ndani ya gari za abiria zinapokwama Mwanakwerekwe. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati, masheha, wanafunzi wa mipango miji, na kila mwenye kiwanja, mti au dau karibu na mahali panapotaka kupita mradi.

Kutathmini chaguo la sera ni kufanya nini hasa?

Ni kuziweka mezani njia mbili, tatu au nne za kufikia lengo moja, kisha kuzipima zote kwa mizani ileile kabla fedha haijatoka. Lengo linaweza kuwa kupunguza foleni, kuwapatia watu maji, au kuzuia bahari isile shamba. Kinachopimwa ni gharama, faida, madhara, nani atayapata na lini.

Ripoti yenye njia moja tu, hata ikiwa na kurasa mia tatu na ramani za rangi, ni maelezo ya mradi. Tathmini bado haijafanywa. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote, na ndiyo maana linajirudia katika majibu mengi hapa chini.

Kwa nini mnasisitiza njia mbadala? Si bora tujenge tu?

Chukua Uzi kama ilivyokuwa kwa miaka mingi. Kisiwa kile kimeungana na Unguja Ukuu kwa barabara ya mawe inayokatiza mikoko. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, barabara inazama na watu wa Uzi na Ng'ambwa wanabaki kusubiri yapwe: mwanafunzi anasubiri, mwenye mzigo wa mwani anasubiri, na mama mjamzito naye anasubiri. Ukimuuliza mtu yeyote pale anataka nini, atakwambia daraja, na ana haki ya kusema hivyo.

Mpangaji, hata hivyo, anatakiwa aulize kwanza: watu wanavuka kufuata nini? Wakivuka kufuata matibabu na skuli, basi njia ya kwanza ya kupimwa ni kuimarisha kituo cha afya na madarasa kisiwani kwenyewe. Njia ya pili ni kuinua barabara ileile ya mawe na kuiwekea makalvati. Ya tatu ni daraja la nguzo. Ya nne ni kuiacha barabara ilivyo, lakini iwekwe boti ya wagonjwa inayokaa tayari usiku na mchana.

Kila moja ina lake. Tuta lililoinuliwa bila matundu ya kutosha huziba maji, na mikoko ya upande mmoja hukosa maji ya chumvi yanayoingia na kutoka, ikanyauka. Mikoko ikinyauka, kaa na samaki wachanga hukosa pa kukulia. Daraja la nguzo huyaacha maji yapite lakini bei yake ni kubwa mno. Kituo cha afya ni rahisi zaidi, ila hakimpeleki mkulima sokoni. Na njia yoyote inayofungua kisiwa kwa gari saa zote inafungua pia mlango kwa wanunuzi wa ardhi na wakataji wa kuni. Sisemi daraja lisijengwe. Nasema anayelichagua alichague akiwa ameziona zile tatu nyingine, na watu wa Uzi wawe wameziona pamoja naye.

Kutofanya kitu nako kunahesabiwa kuwa ni njia?

Ndiyo, na lazima kuhesabiwe kwa fedha na kwa miaka kama njia nyingine. Kukaa kimya kuna gharama yake.

Unguja ilianza kupata umeme wa Bara kupitia waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Waya ulizeeka huku mahitaji yakipanda, na kisiwa kizima kikawa kimetegemea uzi mmoja. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa wiki kadhaa. Kisha ukakatika tena Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka ndoo za maji, kwa sababu pampu hazikufanya kazi, na kelele za majenereta Darajani kuanzia asubuhi mpaka usiku. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa 2013. Katika miaka yote ya kuahirisha, njia ya "tuache kwanza" ilionekana kuwa bure kwa kuwa hakuna aliyeiandikia bei. Wenye mabucha, wenye mafriza ya samaki na wenye nyumba za wageni ndio walioilipa.

Hesabu ya gharama na faida inafanywaje?

Asili yake ni ya zamani. Mhandisi wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliandika mwaka 1844 jinsi ya kupima faida ambayo umma unaipata kutokana na daraja au barabara, hata pale ambapo hakuna anayelipa ushuru. Marekani ikaiingiza fikra hiyo katika sheria ya kuzuia mafuriko ya mwaka 1936: mradi ufanywe ikiwa faida zake, ziende kwa yeyote zitakayemwendea, zinazidi gharama.

Kwa barabara, faida kubwa inayohesabiwa huwa ni muda. Tuchukulie barabara inapitisha abiria 10,000 kwa siku, na matengenezo yatamwokolea kila mmoja dakika 6. Hizo ni saa 1,000 kwa siku, au saa 300,000 kwa siku 300 za kazi. Ukisema saa moja ina thamani ya shilingi 1,500, umepata faida ya shilingi milioni 450 kwa mwaka. Unaongeza mafuta yaliyookolewa, matengenezo ya gari yaliyopungua na ajali zilizoepukwa; unatoa gharama ya ujenzi, fidia na matunzo.

Swali la kumuuliza mtaalamu papo hapo ni hili: saa ya nani? Ikiwa saa ya mwenye gari lake mwenyewe imehesabiwa mara kumi ya saa ya mama anayepanda daladala kwenda sokoni, barabara ya kitongoji chenye wenye magari itashinda kila mwaka, na barabara ya shamba itashindwa kila mwaka, na hakuna aliyedanganya hata tarakimu moja. Upendeleo umo ndani ya bei ya saa. Wapo wapangaji wanaotumia bei moja ya saa kwa watu wote kwa sababu hiyohiyo, nami naona hiyo ndiyo njia ya haki.

Pia mwombe akuoneshe matokeo yakibadilika: gharama zikipanda kwa asilimia 30, au abiria wakiwa pungufu kwa asilimia 20, mradi bado unafaa? Hesabu inayoporomoka kwa badiliko dogo haifai kukopewa fedha.

Msitu, mnyama au jumba la kale vinatiwaje bei?

Vingine vinatiwa bei kwa njia ya heshima tu. Vingine havifai kutiwa bei kabisa.

Kisa kinachofundishwa mpaka leo ni cha Uingereza. Kati ya 1968 na 1971 tume iliyoongozwa na Jaji Roskill ilitafuta mahali pa kujenga kiwanja cha tatu cha ndege cha London. Ilikuwa moja ya hesabu kubwa za gharama na faida kuwahi kufanywa. Katika kijiji cha Stewkley kulikuwa na kanisa la karne nyingi ambalo lingebomolewa, na likazuka wazo la kulithamini kwa kiasi cha bima yake ya moto. Watu walikasirika, na hasira ile ilidhoofisha imani katika hesabu nzima, hata sehemu zake zilizokuwa nzuri. Tume ikapendekeza Cublington, jirani na Stewkley. Serikali ikachagua Foulness, pwani ya mashariki. Nao mradi huo ukafutwa 1974.

Sasa uulete mfano ule Shangani au Malindi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Thamani yake si jumla ya mawe, boriti za mikoko na milango ya nakshi. Ukisema nyumba fulani ina thamani ya kiwanja chake, utaibomoa ujenge hoteli, na hesabu itakubaliana nawe.

Ndiyo maana wapangaji wengi hutumia uchambuzi wa vigezo vingi. Kila njia inapewa alama kwa kila kigezo, kama vile gharama, muda, usalama, maji, wanyama na urithi, bila kulazimisha vyote viwe shilingi. Mpangaji Mwingereza Nathaniel Lichfield alitangulia na kitu cha karibu na hicho miaka ya 1950: jedwali la mizania linaloonesha kila kundi la watu linapata nini na linapoteza nini. Mimi jedwali lile nalipenda kuliko alama, kwa sababu anayelisoma hahitaji kuwa mtaalamu. Anatafuta tu mstari wenye kundi lake.

Na hizo alama, uzito wake anaupanga nani?

Hapo ndipo siasa ilipo. Kigezo cha gharama kikipewa uzito wa 50 na mazingira 5, jibu limeshajulikana kabla ya kazi kuanza. Uzito uandikwe waziwazi, usomwe kikaoni, na watu wapewe nafasi ya kusema wao wangeupangaje. Jedwali lisilo na uzito ulioandikwa lina uzito uliofichwa.

Kiwango cha punguzo ni kitu gani, na kwa nini kinamhusu mtu wa Kisiwa Panza?

Shilingi ya leo inahesabiwa kuwa na thamani kuliko shilingi ya miaka thelathini ijayo. Kwa hiyo wachumi hupunguza faida za baadaye kwa asilimia fulani kila mwaka. Shilingi milioni moja itakayopatikana baada ya miaka 30, ukiipunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka, leo inahesabiwa kama shilingi 57,000 hivi. Ukiipunguza kwa asilimia 3 inakuwa kama 412,000. Shilingi ni ileile na miaka ni ileile; kilichobadilika ni asilimia aliyoiandika mtu ofisini.

Pemba kuna mashamba yaliyoingiliwa na maji ya chumvi, na Kisiwa Panza bahari imeshafika kwenye makaazi. Kupanda mikoko au kujenga ukuta ni kazi ambayo gharama yake ni ya leo, lakini faida yake inakuja polepole kwa miongo. Kwa asilimia 10 mikoko inashindwa na karibu kila mradi wa lami. Kwa asilimia 3 huenda ikashinda. Mzee aliyepanda mikarafuu, akijua mti utasubiri miaka kadhaa kabla ya kuzaa na utaendelea kuzaa yeye akiwa kaburini, alikuwa na kiwango chake cha punguzo, nacho kilikuwa kidogo sana. Nadhani sera za pwani zingefuata kiwango cha yule mzee.

Mbona mradi unaambiwa una faida, na sisi hatuioni?

Kwa sababu "faida" katika ripoti ni jumla. Faida inaweza kuangukia Paje penye hoteli, na gharama ikabaki Donge panapochimbwa mchanga.

Mchanga unaonesha hili vizuri. Nyumba, hoteli na barabara zinahitaji mchanga, na mchanga wa Unguja unachimbwa kwenye ardhi ya kilimo, sehemu kubwa huko Kaskazini. Kinachobaki baada ya kuchimba ni mashimo na mawe, pahala palipokuwa na minazi na mihogo. Anayelala hotelini na aliyebaki na shimo hawakutani, na katika jumla ya mwisho wote wawili wamefutika.

Vilevile wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki. Mpango wa fukwe ukipimwa kwa idadi ya vitanda vya watalii peke yake, kipande cha pwani ambacho mama anafunga mwani wake maji yakipwa kinaonekana tupu. Ramani imepigwa maji yakiwa yamejaa.

Kwa Zanzibar kuna jambo jingine ambalo washauri elekezi kutoka nje hulikosea. Huku mti na ardhi ni vitu viwili. Ardhi ni ya umma chini ya usimamizi wa serikali, lakini mkarafuu au mnazi uliomo unaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa, aliyeurithi kwa bibi yake. Orodha ya fidia inayotafuta jina moja kwa kila kiwanja itaacha watu nje. Waulizwe wenye miti pia.

Barabara pana huondoa foleni?

Kwa muda. Barabara ikifunguka, waliokuwa wakipanda daladala hununua Vespa au gari, nyumba zinajengwa mbali zaidi, na foleni inarudi ikiwa pana zaidi. Hili limeonekana katika miji mingi duniani na sisi hatuna dawa ya kulikwepa.

Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773, na 893,169 kati yao, karibu nusu, wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Kwa hiyo swali la upana wa barabara linapaswa kwenda pamoja na maswali mengine: gari za abiria zitapata njia yake? Skuli, mahakama na ofisi zinaweza kusogezwa ili watu wasilazimike wote kuingia mjini saa moja asubuhi? Njia za miguu zina kivuli? Mji huu uliwahi kuwa na reli ya kwenda Bububu, iliyofunguliwa 1905, ikafa magari yalipochukua nafasi yake. Usafiri wa pamoja si jambo geni kwetu.

Mipango ya zamani ya mji ilipimwa hivi?

La, au kwa kiasi kidogo. Mji wa Zanzibar ulitengenezewa mipango mikuu mwaka 1923, 1958, 1968 na 1982, na kila mmoja uliletwa na wataalamu kutoka nje: wawili wa mwanzo Waingereza, kisha Wajerumani Mashariki, kisha Wachina. Majumba marefu ya Michenzani yanatokana na zama za ule wa tatu. Yaliwapa watu nyumba zenye maji na umeme, na kwa ajili yake mitaa ya Ng'ambo ikavunjwa, pamoja na ujirani uliokuwa umejengeka kwa vizazi. Wapo wanaoyapenda na wapo wanaoyalaumu, na wote wanasema kweli kwa sehemu yao. Kilichokosekana wakati ule ni kuwauliza wa Ng'ambo kama ipo njia ya pili ya kuyaboresha makaazi yao pale walipo.

Tathmini ya Athari za Mazingira haitoshi?

Inasaidia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 inaitaka. Udhaifu wake ni kwamba inakuja mradi ukiwa umeshachaguliwa, na inamtazama huyo mmoja tu. Hoteli ya kwanza inachota maji ya kisima, athari ni ndogo. Ya pili vivyo hivyo. Ya ishirini nayo inaandikiwa "athari ni ndogo". Lakini kisiwa kinaishi kwa maji ya mvua yaliyozama ardhini, na maji yale yakichotwa kupita kiasi chumvi ya bahari inasogea ndani ya visima. Athari hiyo haimo katika ripoti yoyote kati ya zile ishirini.

Kinachohitajika juu yake ni tathmini ya kimkakati, inayopima sera au mpango mzima: pwani hii ibebe hoteli ngapi, bonde hili lijengwe au liachwe linywe mvua. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu unalinda vyanzo vya maji ya mji. Hapo mtu aliwahi kuuliza swali kubwa kabla ya maswali madogo.

Na Pemba? Kila hesabu inasema tuwekeze Unguja.

Hesabu inasema hivyo kwa sababu faida inafuata wingi wa watu na magari yaliyopo. Pemba ina watu 543,441, zaidi ya robo ya Wazanzibari wote, lakini magari na biashara vimelundikana Unguja. Ukifuata kigezo hicho peke yake, penye barabara pataongezwa barabara, na vijana wa Wete na Mkoani wataendelea kuhamia mjini, na foleni ya mjini itatumika tena kama sababu ya kuwekeza mjini. Mpangaji wa mikoa anatakiwa kuuvunja mzunguko huo kwa kuweka usawa wa mikoa kuwa kigezo chenye uzito wake.

Baharini suala ni zito zaidi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na zaidi ya watu mia mbili wakafa. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam. Nauli ya chini ilikuwa ikihesabiwa kuwa faida kwa msafiri maskini. Gharama ya kupakia kupita kiasi na ya ukaguzi dhaifu haikuwa imeandikwa popote. Yeyote anayepima sera ya usafiri wa bahari kwa nauli na muda tu, bila mstari wa usalama, asikubaliwe.

Mimi si mtaalamu. Nikialikwa kikaoni niulize nini?

Uliza: njia nyingine mlizozipima ni zipi, na kwa nini mmeziacha? Tukiacha kama palivyo, baada ya miaka kumi patakuwaje? Nani atalipa ambaye hayumo kikaoni humu? Matunzo ya mradi yana fungu la nani? Halafu omba muhtasari wa Kiswahili ubaki kwa sheha, ili asiyefika ausome. Na nenda mapema. Ramani ikishachorwa kwa wino na alama za X nyekundu zikishapakwa ukutani, kikao kinakuwa cha fidia tu.

Mradi ukishakwisha, tathmini imekwisha?

Hapo ndipo wengi wanapoiacha, na ndipo inapofundisha zaidi. Barabara ya kusini inayopita Jozani ilitiwa lami katikati ya miaka ya 1990. Gari zikapata kasi, na kima punju, ambao duniani kote wako Zanzibar tu, wakawa wanagongwa wakivuka kutoka msituni kwenda mashambani. Watafiti waliwahesabu waliokufa. Haikupendekezwa kuifunga barabara wala kuijenga upya, yaliwekwa matuta. Vifo vikapungua sana, kwa gharama ya lami na kokoto chache. Mwaka 2004 eneo likawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Lakini hesabu haikuachwa, na waliorudi kuhesabu tena walikuta kima bado wanagongwa, japo kwa uchache, huku magari ya watalii na ya mizigo yakiongezeka. Kwa hiyo swali la Jozani liko wazi tena, na njia za kupima zipo: kuongeza matuta, kupunguza mwendo kwa sheria na kuusimamia, au kufunga kamba na matawi juu ya barabara ili wanyama wavukie juu. Makangale kule Pemba, ambako barabara inakatiza Msitu wa Ngezi, hesabu kama hiyo ianze sasa, kabla gari hazijawa nyingi.